Sikio la Kichanga, Sikio la Kima

Hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya wakunga, walimu wa chekechea na wazazi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikapunguza marudio.

Wazee wetu, kina mama, walimu wenzangu, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Kabla sijaendelea naomba masikio yenu. Nitatamka mara mbili, nanyi mnyooshe mkono kama mmesikia maneno mawili tofauti. Paa. P'aa.

Naona mikono. Mzee wa mstari wa mbele ameinua wake hata sijafunga mdomo, na kina mama wa upande ule wa dirisha wote wameinua. Nadhani ninyi ni wa Mji wa Kale, au mmetoka Lamu. Na waliotulia nadhani wengi wenu mmekulia bara. Hamkukosea. Mmesikia kile ambacho masikio yenu yalifunzwa kusikia, na mafunzo hayo mliyapata kabla hamjaweza kusimama wima. Ndiyo habari niliyokuja nayo leo.

Neno la kwanza ni la nyumba, paa la makuti. La pili ni mnyama wa mwituni, yule mwenye miguu myembamba. Msemaji wa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, au Kiamu, cha Lamu, hayachanganyi, kama asivyochanganya kaa la moto na k'aa wa ufukweni. Vitabu vya shule huyaandika kwa herufi zile zile. Bibi yangu hakujali vitabu. Binamu yangu aliyelelewa bara alipomwambia siku moja kwamba ameona paa, Bibi aliinua macho akatazama makuti juu yetu, akangoja aambiwe kuna nini.

Tofauti yenyewe ni pumzi. Wekeni kiganja mbele ya mdomo mseme la mnyama. Mtaisikia ikigonga ngozi. Midomo inapofunguka, nyuzi za sauti kooni hazianzi kutetema hapo hapo. Kuna kitambo kinapita. Katika paa la nyumba kitambo hicho ni kifupi mno, katika p'aa wa mwitu ni kirefu zaidi. Na katika b yetu, ya baba na ya bibi, koo hutangulia kutetema kabla midomo haijafunguka. Sisi wa fonetiki, taaluma ya sauti za lugha, tunakipima kitambo hicho kwa milisekunde, sehemu moja ya elfu ya sekunde. Jicho likipepesa mara moja, zimeshapita milisekunde mia na zaidi. Tunayoyazungumza hapa ni milisekunde ishirini, thelathini, arobaini. Juu ya kitambo hicho lugha nyingi za dunia zimejenga maneno yake, na Waingereza wamejenga juu yake tofauti ya b na p.

Sasa twende Marekani, mji wa Providence, Chuo Kikuu cha Brown, mwaka 1971. Peter Eimas na wenzake watatu walitaka kujua kama mtoto wa mwezi mmoja anasikia tofauti hiyo ya b na p. Utamwulizaje mtoto wa mwezi mmoja? Hasemi, haashirii, shingo bado haijakaza. Lakini kuna kazi moja anayoijua vizuri, nayo ni kunyonya. Wakampa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine, na kila aliponyonya kwa nguvu walimpigia sauti, tuseme "ba". Mwanzo mtoto hunyonya kwa bidii, maana sauti ni ngeni kwake. Baada ya dakika kadhaa huizoea, bidii inashuka. Hapo ndipo wanapoibadilisha. Akiona ni mambo yale yale, bidii yake inazidi kushuka. Akisikia jambo jipya, anarudi kunyonya kwa kasi. Kina mama mnaolea mnaijua tabia hiyo, kwamba mtoto akisikia mlango au sauti ngeni huacha titi akasikiliza, kisha akalirudia kwa njaa mpya. Watafiti wale waliigeuza tabia hiyo kuwa swali na jibu.

Walichokipata kilitikisa taaluma nzima. Walipomhamisha mtoto kutoka kitambo cha milisekunde 20 kwenda 40, yaani kutoka b ya Kiingereza kwenda p, alishtuka akanyonya. Walipomhamisha umbali ule ule wa milisekunde 20 lakini ndani ya upande mmoja, kutoka p moja kwenda p nyingine, hakushtuka kama hivyo. Kumbe masikio ya mtoto wa mwezi mmoja yana mpaka, na mpaka wenyewe umekaa pale pale ulipo mpaka wa watu wazima.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1976, jarida la Nature likachapisha kazi ya Lynn Streeter iliyofanywa hapa hapa Kenya, kwa watoto wa Wakikuyu wenye umri wa miezi miwili. Lugha ya Kikuyu haina p. Sauti yake ya midomo ya aina hii ni ile inayotanguliwa na mtetemo wa koo. Kwa hiyo mtoto yule nyumbani hafundishwi tofauti ya b na p kama ya Waingereza. Hata hivyo watoto hao waliitambua tofauti ambayo lugha ya wazazi wao haiitumii, wakaitambua pia ile ya upande mwingine, inayohusu mtetemo unaotangulia. Kila ninaposimulia utafiti huu hujisikia fahari, kwa sababu watoto wa hapa kwetu waliijibu hoja kubwa ya sayansi, na ni Wakenya wachache sana wanaojua.

Mnaweza kuona watu walielekea wapi. Wengi walisema, basi mwanadamu huzaliwa na chombo maalumu cha kusikia maneno, chombo ambacho kiumbe mwingine hana. Katika maabara ya Haskins huko Connecticut, Alvin Liberman na wenzake walikuwa wakifundisha kwa miaka kwamba tunasikia maneno kwa msaada wa elimu ya kinywa chetu wenyewe: ninakuelewa kwa kuwa mwili wangu unajua jinsi ya kuitamka sauti hiyo. Na ni nani mwingine duniani mwenye kinywa kama chetu?

Jibu lilikuja kutoka kwa mnyama wa manyoya.

Chinchila ni mnyama mdogo wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, wa ukoo wa wagugunaji kama panya, mwenye masikio mapana na usikivu unaokaribia wetu. Mwaka 1975, mjini St. Louis, Patricia Kuhl na James Miller waliwafunza chinchila kazi ya kutofautisha. Wakisikia sauti moja wahamie upande wa pili wa kizimba, wakisikia nyingine waendelee kunywa maji. Walifunzwa sauti mbili za ncha tu, "da" iliyo wazi kabisa na "ta" iliyo wazi kabisa. Kisha wakapewa zile za katikati ambazo hawakuwahi kufunzwa, ili ionekane watakata wapi. Chinchila walikata karibu na milisekunde 33. Watu wazima wasemao Kiingereza hukata karibu na 35.

Mnyama asiye na neno hata moja kinywani mwake, na mpaka wake umeangukia pale pale.

Mwaka 1982 na 1983 Kuhl, safari hii pamoja na Denise Padden, akarudi na makaki, wale kima wa Asia. Makaki nao walitofautisha vizuri zaidi pale ambapo sisi tunaweka mpaka kati ya sauti na sauti, na si vizuri hivyo mbali na mpaka. Hawakuwa wamelelewa na mtu anayewaimbia.

Maana yake ni nini? Mimi nimekaa na swali hili tangu nilipokuwa mwanafunzi, na nimefika hapa. Fundi cherehani hapimi mwili kwa nguo, hupima nguo kwa mwili. Sikio la mamalia lilikuwepo mamilioni ya miaka kabla ya neno la kwanza kutamkwa. Lilikuwa na sehemu zake za ukali na sehemu zake za ubutu. Lugha ilipokuja ilikuta mwili tayari, ikajishonea hapo. Tofauti zilizokaa penye ukali wa sikio zilisikika, zikadumu, zikawa b na p na d na t. Kwa hiyo mtoto wa Mkikuyu, mtoto wa Providence na makaki wa maabara wanasikiliza kwa urithi mmoja. Kwangu habari hii haimpunguzii mwanadamu heshima. Inanikumbusha tu kwamba sisi ni wa ukoo mkubwa.

Na si sauti moja moja tu. Mwaka 2000 Franck Ramus na wenzake walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa vichanga wa Paris na tamarini, kima wadogo wa misitu ya Kolombia wenye kishungi cheupe kichwani, waliokuwa wakifugwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Harvard. Waliwasikilizisha sentensi za Kiholanzi, kisha wakahamia Kijapani. Lugha hizi mbili hutembea mwendo tofauti: Kiholanzi kina silabi nzito na nyepesi zinazopishana, Kijapani kinakwenda kwa hatua zilizo sawasawa. Tamarini walitambua mabadiliko. Vichanga nao waliyatambua, lakini pale tu sentensi zote zilipogeuzwa kuwa sauti moja ya mashine. Zilipotamkwa na watu wengi tofauti, tofauti ya wasemaji iliwameza. Na sentensi zilipochezwa kinyumenyume, mwisho kuja mwanzo, wote wawili, kichanga na kima, walishindwa.

Hapa sina budi kusema jambo moja. Mwaka 2010 makala nyingine ya maabara ile ya Harvard kuhusu tamarini, iliyotoka mwaka 2002, iliondolewa na jarida lililoichapisha, baada ya chuo kuchunguza mwenendo wa mkuu wa maabara. Si makala hii ya Kiholanzi na Kijapani. Lakini anayewasimulia wazazi habari za sayansi lazima awaambie na hilo. Ndiyo maana napenda kuongeza kwamba watafiti wa Barcelona, wakiongozwa na Juan Manuel Toro, walilirudia jambo hilo kwa panya, na panya walitenganisha Kiholanzi na Kijapani, kisha wakashindwa sentensi zilipochezwa kinyumenyume.

Basi, kama chinchila anasikia mpaka na panya anasikia mwendo wa lugha, kichanga wetu ana nini cha ziada?

Mwaka 1991 Kuhl aliuliza swali dogo lenye busara. Katika kila lugha kuna i na i. Kuna ile ambayo msikilizaji akiisikia husema ndiyo hasa, na kuna zile za pembeni, zinazokubalika lakini si nzuri. Alichukua i nzuri ya Kiingereza akaizungushia sauti zinazofanana nayo, akafanya hivyo hivyo kwa i ya pembeni. Watu wazima walipata taabu kutenganisha i nzuri na majirani zake. Ni kana kwamba i ile inawavuta majirani kama sumaku inavyovuta misumari, mpaka wote wasikike sauti moja. Watoto wa miezi 6 walifanya vile vile. Kima hawakuonyesha dalili yoyote ya mvuto huo. Kwao i nzuri na i ya pembeni zilikuwa sawa, na majirani wa hii na wa ile walisikika kwa wepesi ule ule.

Mwaka uliofuata akaenda mbele zaidi. Akalinganisha watoto wa miezi 6 wa Marekani na wa Uswidi. Waswidi wana irabu inayotamkwa kwa ulimi wa i na midomo ya u. Watoto wa Uswidi walivutwa na irabu hiyo yao, wala hawakuvutwa na i ya Kiingereza. Watoto wa Marekani ikawa kinyume chake. Miezi 6, ndugu zangu. Mtoto hajasema "mama", hajui hata kwamba kuna kitu kinaitwa neno, na tayari nyumba yake imeshampanga sauti ndani ya kichwa.

Huku Vancouver, nchini Kanada, Janet Werker na Richard Tees walikuwa wametazama upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mwaka 1984 walitoa kazi ambayo naona kila mwalimu wa chekechea angepaswa kuijua. Walitumia t mbili za Kihindi, moja ulimi ukigusa meno, nyingine ulimi ukikunjwa nyuma. Wengi wenu hapa mna majirani Wagujarati na mmezisikia, na Kimvita chenyewe kina t ya meno na t ya ufizi. Walitumia pia sauti za kooni za Kinthlakampx, lugha ya wenyeji wa kwanza wa British Columbia. Mtoto alikaa mapajani mwa mama, na sauti ilipobadilika, akigeuza kichwa, sanamu ya mnyama iliwaka taa ikaanza kucheza. Watoto wa Kiingereza wa miezi 6 hadi 8 karibu wote waligeuka. Wa miezi 10 hadi 12 ni wachache tu waliogeuka. Lakini watoto waliolelewa ndani ya lugha zile waliendelea kuzisikia sauti zao.

Watu wakisikia hivi huhuzunika, husema mtoto amepoteza. Mimi sikubali neno hilo pekee. Mwaka 2006 watafiti walipima l na r kwa watoto wa Marekani na wa Japani. Kwenye miezi 6 hadi 8 walikuwa sawa, wote wakipata karibu asilimia 64 au 65. Kwenye miezi 10 hadi 12 Wajapani walishuka hadi kama 60, na Wamarekani wakapanda hadi karibu 74. Tazameni hao waliopanda. Sikio halikufunga mlango tu, lilijenga nyumba. Mjenzi akianza kupandisha kuta, uwanja unapungua, lakini sasa pana mahali pa kulala.

Walimu, hapa nina neno nanyi. Kiswahili kinahitaji l na r, maana kula si kura na mahali si mahari. Lugha nyingi za nyumbani, Kenya na Tanzania, haziitumii tofauti hiyo. Mtoto anayeandika "anakura chakura" si mvivu, wala hana dharau. Anaandika anachokisikia, na anachokisikia kilipangwa na watu waliompenda alipokuwa na miezi 11. Nimeona watoto wakichekwa darasani kwa kosa hilo, nimeona fimbo ikiinuliwa, na iliniuma. Fimbo haifunzi sikio. Kinachosaidia kinajulikana: Wajapani watu wazima walifunzwa l na r mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kusikilizishwa maneno mengi kutoka kwa wasemaji wengi tofauti, wakiambiwa kila mara kama wamepatia, nao wakaendelea mbele. Chukueni maneno pacha, chukueni watu wa sauti mbalimbali, mama wa mkahawani, bawabu, mwalimu mkuu, mfanye mchezo wa kusikiliza.

Kuna ajabu moja siwezi kuiruka. Catherine Best na wenzake, mwaka 1988, waliwapima watu wazima na watoto wa Kiingereza kwa vidoko vya Kizulu, zile sauti za kulaza ulimi na kuung'oa. Walivitofautisha, wakubwa kwa wadogo, hata watoto waliopita umri wa mwaka. Kwa nini t za Kihindi zipotee na vidoko visipotee? Kwa sababu t za Kihindi zipo jirani na t ya Kiingereza, nayo inazivuta zote kwake. Kidoko hakina jirani. Sumaku haikifikii. Wahadza na Wasandawe kule Tanzania wana vidoko, na Wadahalo wa karibu na mto Tana, majirani zetu kabisa, wanavyo pia. Mtoto wa hapa akiwa miongoni mwao hatakosa kuvisikia, hata kama ulimi utachelewa.

Sasa, mtoto anajengaje nyumba hiyo? Kwa kusikia tu?

Kuhl na wenzake walichapisha jibu mwaka 2003, na ni jaribio ninalolipenda kuliko yote. Waliwachukua watoto wa Seattle wa miezi 9, wa nyumba za Kiingereza, wakawapa vikao 12 vya Kichina cha Mandarini. Watu wanne waliokikulia walikuja kwa zamu, wakaketi nao sakafuni, wakawasomea, wakacheza nao. Kundi jingine lilipata Kichina kile kile, kutoka kwa watu wale wale, kwa muda ule ule, lakini kwenye televisheni au kwa sauti peke yake. Baadaye wakawapima kwa sauti za Kimandarini ambazo Kiingereza hakina. Walioketi na watu walizitofautisha kama watoto waliolelewa Taiwan. Walioketi na televisheni walikuwa sawa na watoto ambao hawakuwahi kusikia Kichina hata siku moja.

Vikao 12 tu vya mtu akiwa pale. Macho yakikutana, mkono ukigusa kitabu pamoja.

Kina mama wengi huniambia, mimi nina kazi, namwachia mtoto simu yenye nyimbo, angalau asikie lugha. Siwalaumu. Najua siku ya mama wa mjini inavyokwisha. Lakini siwezi kuwaficha kwamba katika umri huo skrini haikufunza sauti, na dada wa kazi anayemsemesha mtoto huku anamenya viazi ndiye mwalimu. Kama ni Kidigo, na kiwe Kidigo.

Wanyama nao wana jambo hili kwa kiasi chao. Amboseli, chini ya Kilimanjaro, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliandika mwaka 1980 juu ya tumbili na milio yao ya hatari. Mlio wa chui huwapandisha mtini. Mlio wa tai huwafanya watazame juu au wakimbilie kichakani. Mlio wa nyoka huwasimamisha kwa miguu ya nyuma wakichunguza nyasi. Watafiti walificha kipaza sauti, wakacheza milio pasipo na chui wala tai, na tumbili wakafanya kila mlio haki yake. Watoto wa tumbili hukosea. Hupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, hata kwa jani linaloanguka. Lakini hawapigi mlio wa tai kwa ngiri. Kinachoruka ni kinachoruka. Baadaye wanakaza maana. Na mtoto wa tumbili aliyemtazama mkubwa kwanza, kabla ya kuitikia mlio, alipatia mara nyingi zaidi ya yule ambaye hakutazama.

Kilichowafunga ni kinywa. Huko Senegal, mwaka 2019, Julia Fischer na wenzake waliripoti juu ya tumbili wa kijani waliorushiwa droni kwa mara ya kwanza. Walipiga mlio unaofanana sana na ule wa tumbili wa Afrika Mashariki wanapoona tai, ijapokuwa aina zile mbili za tumbili zilitengana zamani za kale. Na baada ya kuiona droni mara moja tu au chache, kipaza sauti kilipocheza mngurumo wake, walitazama angani. Sikio lao lilijifunza upesi. Kinywa kilitoa mlio wa kurithi.

Kanzi, yule bonobo, aina ya sokwe, alizaliwa Marekani mwaka 1980 akafariki mwezi Machi 2025. Alijifunza kufahamu Kiingereza bila kufundishwa rasmi, akiwa mtoto karibu na mama yake mlezi aliyekuwa akifunzwa alama zinazosimama badala ya maneno. Katika jaribio la sentensi 660 alifuata sawasawa asilimia 72. Mtoto wa kike wa takriban miaka miwili aliyepimwa pamoja naye alipata 66. Lakini yule msichana alikuwa anaondoka na sauti hizo kinywani mwake, akizigeuza, akibwabwaja, akijisikiliza. Kichanga wetu akifika miezi 7 kinywa kinaanza kulijibu sikio, ba ba ba, da da da, na wakubwa tunamjibu, naye anasikia tena. Duara hilo la sikio, kinywa na uso wa mtu, hakuna sokwe aliyeonekana akilizungusha kama yeye.

Wakunga, naomba mnisikilize kwa hili. Duara likikatika kwa sababu mtoto hasikii, hakuna atakayejua kwa kumtazama. Atabwabwaja kidogo kama wengine, atacheka, na mwaka utapita. Huko Marekani wamejiwekea lengo la kupima masikio kabla ya mwezi 1, kuthibitisha kabla ya miezi 3, na kuanza msaada kabla ya miezi 6. Sasa mnaona kwa nini wakachagua 6. Na mtoto kiziwi aliyewekwa kati ya watu wa lugha ya ishara hubwabwaja kwa vidole; Laura Petitto na Paula Marentette walilionyesha hilo mwaka 1991. Msiwaambie wazazi wangoje mtoto "akue kwanza". Wapelekeni.

Kabla hatujaanza, muuguzi mmoja alinishika mkono nje pale akaniuliza: nyumbani kwake baba anasema Kiswahili, yeye Kigiriama, na mtoto atazaliwa baada ya wiki tatu. Je, wamchagulie lugha moja asichanganyikiwe?

Dada, mwanao ameshaanza. Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha mwaka 1980 kwamba kichanga hunyonya ili asikie sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwingine. Mwaka 2013 vichanga wa Marekani na Uswidi, wenye saa chache au siku chache tangu kuzaliwa, walionyesha kwamba irabu za lugha ya mama zimeshawakaa, na za kigeni zinawasisimua zaidi. Na mwaka 2010, Vancouver, Krista Byers-Heinlein na wenzake waliwapima vichanga ambao mama zao walisema Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, na Kiingereza wakati wa ujauzito. Vichanga wa Kiingereza pekee walipendelea Kiingereza. Wale wa mama wenye lugha mbili walivutiwa na zote mbili, na walipopimwa kama wanaweza kuzitenganisha, walizitenganisha. Wana siku chache duniani.

Kwa hiyo msichague. Msemeshe Kigiriama chako, babake amsemeshe Kiswahili chake. Na ukiwa wewe ni wa hapa Pwani na unamwonyesha picha ya yule mnyama wa miguu myembamba, mtamkie p'aa, na pumzi yako imguse usoni.

Nawakaribisha kwa maswali. Naona yule mama wa nyuma kichanga wake ameamka, tuanze naye kabla hajalia.